Cornwallis hakukosa bahati, alikosa mashua

Kwako Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu Jenerali Charles Cornwallis na vita vya uhuru vya Marekani tuliisoma kwa sauti barazani hapa Langoni, Lamu, maana wazee wawili kati yetu macho yao hayaziwezi tena herufi za gazeti. Mwandishi ana kalamu nzuri, sikatai. Lakini alipofika mwisho akatuambia kwamba jenerali huyo alikuwa hodari kuliko wote waliotumwa na Mfalme George III wa Uingereza, ila bahati ilimkataa. Hapo nahodha mmoja mstaafu, ambaye muda wote alikuwa kimya na kikombe chake cha kahawa tungu, akauliza: "Mashua alikuwa nazo ngapi?"

Makala haikusema. Nikaenda kulitafuta jibu katika vitabu anavyoniletea mpwa wangu, mwalimu wa historia, kila akija likizo.

Zilikuwa 16. Hizo ndizo mashua kubwa alizokuwa nazo usiku wa tarehe 16 Oktoba 1781 pale Yorktown, Virginia, siku tatu kabla ya kusalimu amri, akiwa na jeshi la watu zaidi ya 7,000, mto mkubwa mgongoni, na mbele yake Wamarekani na Wafaransa waliomzidi maradufu. Mimi nimekuwa karani wa bandari tangu ujana wangu hadi kustaafu. Nikipewa hesabu kama hiyo siulizi habari za bahati, nauliza nani aliyepanga safari.

Nimtendee haki kwanza. Cornwallis hakuwa mpumbavu. Mwaka 1766, kijana bado katika Baraza la Malodi, alikuwa miongoni mwa wachache mno waliopinga sheria iliyolipatia Bunge la London mamlaka juu ya makoloni ya Marekani katika kila jambo. Miaka kumi baadaye akavuka bahari kwenda kuwapiga watu wale wale. Kazi ni kazi, nadhani ndivyo alivyojiambia. Askari walimpenda kwa sababu alikula walichokula na kulala walipolala. Tena alikuwa mwepesi wa kushambulia, na wepesi huo ulimlipa mara nyingi, ingawa si siku zote: Januari 1777 alimbana George Washington, mkuu wa jeshi la Wamarekani, kwenye kijito cha Assunpink karibu na Trenton, jua likachwa, akasema atammaliza asubuhi. Washington akaacha mioto ikiwaka kambini, akafunga magurudumu ya mizinga kwa vitambaa yasilie, akazunguka usiku kwa njia ya nyuma na kwenda kuwapiga Waingereza waliokuwa Princeton. Hayo mwandishi ameyaeleza vizuri, kwa hiyo napita.

Mwaka 1780 ndio uliokuwa wake. Mwezi wa Mei Charleston ilisalimu amri kwa Jenerali Henry Clinton, mkuu wa majeshi ya Waingereza kule, watu kama 5,000 wakatekwa, na Clinton akarudi New York akimwachia Cornwallis majimbo ya kusini. Tarehe 16 Agosti, huko Camden, Cornwallis akalivunja jeshi la Mmarekani Horatio Gates kwa asubuhi moja tu. Gates mwenyewe usiku ule alikuwa ameshafika Charlotte, maili 60 kutoka kwenye vita, farasi wake hoi. Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Oktoba 7, juu ya Kings Mountain, Meja Patrick Ferguson akauawa, na kikosi chake cha wenyeji watiifu kwa mfalme, watu kama 1,000, kikaishia hapo kwa muda wa saa moja hivi. Januari 17, 1781, huko Cowpens, Banastre Tarleton, ofisa wa Cornwallis, akapoteza watu zaidi ya 800 kati ya 1,100.

Cornwallis akapandwa na hasira. Ili aweze kumfukuza adui mbio, akayachoma moto magari ya mizigo ya jeshi lake pale Ramsour's Mill: mahema, nguo, chakula, na mapipa ya ramu yakamwagwa mbele ya askari wanaotetemeka kwa baridi ya Januari. Alianza na mzigo wake mwenyewe, tumpe sifa hiyo.

Aliyekuwa akifukuzwa ni Nathanael Greene, na hapa wasomaji wa pwani wakae vizuri. Greene alikuwa amepata kuwa mkuu wa ugavi katika jeshi la Washington, mtu wa magunia na hesabu. Alipokabidhiwa jeshi la kusini Desemba 1780, lililokuwa limebaki matambara, jambo aliloharakisha ni kutuma maofisa wakaikague mito: Dan, Yadkin, Catawba. Kina kiasi gani, vivuko viko wapi, mvua ikinyesha juu milimani mto unajaa namna gani, mashua ziko kwa nani. Halafu akazikusanya hizo mashua. Basi Cornwallis alipofika ukingo wa mto Dan katikati ya Februari 1781, mto umefura, Greene alikuwa ameshavuka na kila mashua iko ng'ambo. Jeshi la mfalme, lisilo na hema wala ramu, likasimama linatazama maji.

Kwangu mimi alishindwa hapo, miezi minane kabla ya Yorktown. Kila lililokuja baadaye ni marudio. Guilford Courthouse, Machi 15, alishinda, ndiyo, akiwa na watu kama 1,900 dhidi ya zaidi ya 4,000. Lakini wafu na majeruhi wake walipita 500, zaidi ya robo ya jeshi. Mbunge Charles James Fox alisema kule London kwamba ushindi mwingine wa namna ile ungelimaliza jeshi la Uingereza lenyewe. Akajikokota hadi Wilmington, pwani, apate chakula cha merikebu. Kutoka pale akaingia Virginia bila kungoja ruhusa ya Clinton.

Kiangazi hicho barua za Clinton zilimjia zikipigana zenyewe kwa zenyewe: lete askari New York; hapana, baki nao; tafuta bandari yenye kina cha kuweka manowari kubwa. Mwanzoni mwa Agosti akachagua Yorktown na Gloucester, sehemu mbili zinazotazamana kwenye mto York. Kwa bandari ni mahali pazuri. Kwa ngome ni mtego kama bahari si yako, kwa sababu mito yote ya sehemu ile humwagika katika ghuba moja, Chesapeake, na ghuba ina mlango mmoja.

Mlango ukafungwa. Agosti 30 admirali wa Ufaransa, Comte de Grasse, alitia nanga akiwa na manowari 28 na askari zaidi ya 3,000 kutoka visiwa vya Karibi. Mwandishi wenu anauita huu mkosi. Mkosi wa wapi? Msimu wa vimbunga vya Karibi kila baharia anaujua. Manowari za pande zote mbili zilikuwa na desturi ya kuondoka kule miezi hiyo na kupanda kaskazini, na Waingereza walijua kabisa kwamba Wafaransa watakuja. Walichokosea ni idadi. Admirali Rodney, mgonjwa, alirudi kwao Uingereza na kumtuma Samuel Hood na manowari 14 tu, akidhani de Grasse naye atazigawa zake. De Grasse hakuzigawa.

Septemba 5 Admirali Thomas Graves wa Uingereza akatokea na manowari 19. Nahodha wetu alinitaka niisome sehemu hii mara mbili. Wafaransa walikuwa ndani ya ghuba wamelala kwenye nanga, mamia ya mabaharia wao wako nchi kavu. Ilibidi wakate kamba za nanga, wangoje maji yaanze kutoka, kisha wapige tanga kwenda na kurudi mpaka waipite rasi ya Cape Henry, manowari 24, zimeachana, ya mbele haijui ya nyuma iko wapi. Graves yuko nje na upepo uko upande wake. "Angewala mmoja mmoja," nahodha akasema, na akapiga goti lake kwa uchungu kama aliyeibiwa yeye. Graves akangoja wajipange. Kanuni za vita vya manowari za zama zile zilitaka mstari ukae sambamba na mstari. Halafu bendera zake mlingotini zikasema mambo mawili kwa pamoja: fuateni mstari, na mkaribieni adui. Hood, aliyekuwa nyuma, akafuata mstari, na sehemu kubwa ya manowari zake hazikupata kupigana. Baada ya saa mbili na ushei jua likachwa. Hakuna manowari ya Kifaransa iliyozama. Siku chache baadaye Wafaransa wengine wakaingia ghubani na mizinga mizito ya kuvunjia ngome, na Graves akarudi New York kukarabati vyombo vyake.

Najua nitaambiwa hilo ni kosa la Graves. Ni lake. Lakini kati ya siku Wafaransa walipotia nanga na siku Washington na Rochambeau, jenerali wa Wafaransa, walipofika na jeshi kuu, zilipita zaidi ya wiki tatu. Muda wote huo Cornwallis alikuwa na Lafayette, jenerali Mfaransa katika jeshi la Wamarekani, mbele yake pamoja na askari walioshushwa na de Grasse, basi. Angeweza kujaribu kupenya. Hakujaribu, kwa sababu Clinton alikuwa akimwahidi msaada. Barua iliyomfikia mwishoni mwa Septemba ilisema manowari 23 na askari zaidi ya 5,000 wangeondoka New York kiasi cha tarehe 5 Oktoba. Akaiamini hata akayaacha maboma yake ya nje, adui akayaingia bila kumwaga damu. Msafara ule uliondoka New York tarehe 19 Oktoba, siku ile ile Cornwallis aliposalimu amri. Mimi bandarini nimeshuhudia wafanyabiashara wakiuza mzigo ambao chombo chake bado hakijaonekana. Sijaona hata mmoja aliyefika mbali.

Mizinga ilianza kulia Oktoba 9. Usiku wa kesho yake Wafaransa walipiga risasi zilizookwa motoni mpaka zikawa nyekundu, wakaichoma manowari Charon iliyokuwa imetia nanga mtoni. Moto ukaonekana pande zote mbili za mto. Tarehe 14 maboma mawili ya mwisho ya upande wa mashariki yakatekwa gizani kwa singe. Usiku wa 16 ndipo mashua zilipokumbukwa. Mpango ulikuwa kulivusha jeshi hadi Gloucester kwa safari tatu, kuwaacha wagonjwa na mizigo, kisha kupenya kuelekea kaskazini. Pale Yorktown mto umebanwa, upana wake hauzidi maili moja, karibu sawa na kuvuka kutoka mjini kwetu hadi jeti ya Manda. Safari ya kwanza ilivuka kabla ya saa sita za usiku. Ikashuka dhoruba, upepo na mvua, mashua zikasukumwa chini mtoni na watu ndani yake. Mpaka zilipokusanywa kulikuwa kunakucha, na kazi iliyobaki ikawa kuwarudisha waliokwisha kuvuka, chini ya mizinga. Asubuhi ya tarehe 17 mpiga ngoma akapanda juu ya boma kuomba mazungumzo.

Dhoruba hiyo ndiyo iliyopewa aya nzima katika makala yenu. Jeshi lililochelewa wiki nzima nzima, linalohitaji usiku mmoja shwari katikati ya Oktoba, kwa mashua 16! Hata lingepata shwari, safari ya tatu ingewakuta mchana.

Hapa Lamu hatuhitaji kwenda Virginia kulijua jambo hili. Kiasi cha mwaka 1812 jeshi la Pate, kisiwa jirani, pamoja na la Wamazrui, watawala wa Mombasa, liliteremka ufukwe wa Shela kuja kuuchukua mji wetu. Walikuwa wengi na walikuwa na sifa ya vita. Walipozidiwa wakarudi mbio ufukweni, na kama wazee walivyotusimulia, maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimepwelewa, vimelala ubavu juu ya mchanga. Wakauawa pale pale. Pate haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo, na watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi cha Mombasa, wakamwita Sayyid Said wa Oman. Ngome iliyosimama mjini leo ilimalizwa chini ya ulinzi wake. Sijapata kumsikia mtu wa Shela, mkubwa wala mdogo, akisema kwamba jeshi lile lilikosa bahati. Maji hupwa mara mbili kila siku, na aliyewaleta alitakiwa kulijua hilo kabla ya kuwateremsha.

Kuna jambo jingine limeniuma zaidi kuliko hili la mashua. Makala nzima haina mtu mweusi hata mmoja. Juni 1779 Clinton alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wa Waingereza watapata usalama. Walikimbia kwa maelfu. Wakati Cornwallis anapita Virginia walimfuata wanaume, wanawake na watoto, na mahandaki ya Yorktown yalichimbwa kwa mikono yao. Wakashikwa na ndui. Chakula kilipopungua, Cornwallis akaamuru wafukuzwe nje ya mji. Johann Ewald, ofisa wa Kijerumani aliyepigana upande wa Waingereza, aliandika katika shajara yake kwamba angependa kulisahau tukio hilo, jinsi watu walioahidiwa uhuru walivyosukumwa kurudi kwa adui, wengi wakafia msituni baina ya majeshi mawili. Farasi nao, mamia yao, kwa kukosa malisho waliuawa na kutupwa mtoni. Baada ya siku chache maji yalipojaa yakairudisha mizoga rundo kwa rundo mpaka karibu na vyombo vilivyozamishwa mbele ya mji. Mwandishi wenu hakuona haja ya kutaja hata farasi.

Wala washindi hawakuwa bora. Baada ya vita Washington aliamuru weusi waliobaki hai wakusanywe ili warudishwe kwa waliodai kuwa mabwana zao. Mmoja aliyetoka salama ni James, mtumwa wa Virginia, aliyeingia katika kambi ya Cornwallis kama mtumishi kumbe anampelekea Lafayette habari. Hata yeye alirudi utumwani vita vilipokwisha, na ilimbidi angoje mpaka 1787 ndipo baraza la Virginia lilipompa uhuru, kwa msaada wa cheti alichoandikiwa na Lafayette. Tangu hapo akalichukua jina la Lafayette liwe lake. Nayasema haya nikijua kwamba sisi wa Lamu si watu wa kuwanyooshea wengine kidole. Mashamba ya ng'ambo bara yaliyoutajirisha mji huu yalilimwa na watumwa, na sheria ya kuutambua utumwa haikuondolewa pwani hii hadi 1907. Kwa sababu hiyo hiyo msomaji wa Lamu ana haki ya kuuliza waliochimba mahandaki walikuwa nani.

Mwandishi ameahidi sehemu ya pili, juu ya Cornwallis akiwa Gavana Mkuu wa India kuanzia 1786. Namwomba asiuruke Mei 1791. Jenerali alifika hadi mbele ya Seringapatam, mji mkuu wa Tipu Sultan wa Mysore, akashinda vita nje ya mji, kisha akashindwa kuuzingira kwa sababu ng'ombe wa kukokota mizigo walikuwa wanakufa, mchele umekwisha na mvua zimeanza. Akaivunja mizinga yake mizito mwenyewe akarudi Bangalore. Februari 1792, wakati wa ukavu, akaja tena akiwa na nafaka na ng'ombe wa kutosha, na Tipu akasalimisha nusu ya nchi yake na kutoa wanawe wawili wawe rehani. Yaani mtu yule yule, safari hii akiwa amepanga chakula na majira kabla ya kupanga vita. Hilo ni somo zuri zaidi juu yake kuliko maneno ya bahati, na sijui kwa nini halipewi nafasi.

Na ramani: ile ya Jumamosi ina Yorktown na mto, lakini ng'ambo ya mto ni karatasi nyeupe. Mkichapisha nyingine, Gloucester iwepo, pamoja na mlango wa ghuba.

Karani mstaafu wa bandari,
Langoni, Lamu